Ukitaka kuielewa spektra, anza na chumvi jikoni

Nilipokuwa kidato cha tano niliikariri mada ya atomu na spektra, yaani mwanga uliotenganishwa katika rangi zake, kama mtu anavyokariri namba ya simu. Kiini katikati chenye protoni na nyutroni, elektroni nje, fomula ya mwanafizikia Niels Bohr ya mwaka 1913, basi. Kwenye mtihani wa muhula tukaulizwa haidrojeni hutoa mwanga wa rangi gani elektroni inaposhuka kutoka ngazi ya tatu ya nishati hadi ya pili. Nikachukua nishati ya ngazi ya tatu, elektronivolti 1.51 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ndogo kama za atomu), nikaigeuza moja kwa moja kuwa urefu wa wimbi la mwanga, ambao ndio huamua rangi. Nikapata nanomita 821, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni kabisa, kisha chini yake nikaandika "nyekundu" kwa sababu ndivyo daftari lilivyosema. Sikupata hata alama moja.

Kilichonifungua ni jiko la gesi la nyumbani. Mama alikuwa anapika wali, maji yenye chumvi yakafurika, na moto wa bluu ukawaka njano kwa sekunde chache kabla ya kurudi ulivyokuwa. Nilishaliona jambo hilo mara nyingi. Siku hiyo ndipo nilipojiuliza: kwa nini njano tu? Mbona chumvi haitoi kijani leo na nyekundu kesho?

Ndani ya chumvi mna sodiamu, na atomu ya sodiamu ina elektroni 11. Kumi zimetulia karibu na kiini. Ya kumi na moja iko peke yake nje, imeshikwa kwa ulegevu. Joto la moto linaipandisha ngazi. Huko juu haikai, inashuka mara moja, na nishati iliyopanda nayo inatoka kama mwanga. Sasa, ngazi hizo hazibadiliki. Chumvi iwe ya Uvinza au ya mabwawa ya Bagamoyo, tofauti kati ya ngazi zile mbili ni elektronivolti 2.1 hivi, na tofauti hiyo ndiyo njano ya nanomita 589. Rangi haitoki kwenye ngazi ambayo elektroni imesimama. Inatoka kwenye pengo la ngazi mbili.

Hapo ndipo nilipokosea mimi, na ndipo wanakokosea wengi ninaowafundisha tuisheni. Kwa hiyo nakusihi: kabla hujagusa kikokotoo, chora ngazi. Kwa haidrojeni, ngazi ya kwanza iko chini kabisa, elektronivolti -13.6. Ya pili -3.40, ya tatu -1.51, ya nne -0.85. Utaona zinavyosongamana kadiri unavyopanda. Kisha chora mshale. Mshale wa kushuka unatoa mwanga, wa kupanda unaumeza. Toka ya tatu hadi ya pili pengo ni 1.89, gawa 1240 (namba inayogeuza elektronivolti kuwa nanomita) kwa 1.89 unapata nanomita 656, nyekundu ya kweli. Toka ya nne hadi ya pili pengo ni 2.55, nawe unapata 486, samawati. Ukishachora mishale hiyo kwa mkono wako mara tatu nne, swali la namna hii halikutishi tena.

Halafu tengeneza kisanduku. Chukua boksi la viatu, upande mmoja kata upenyo mwembamba sana. Mimi hupanga nyembe mbili zikitazamana, zikiacha nafasi isiyofika milimita moja. Upande wa pili, ndani, weka CD ya zamani ikiwa imelala kwa mshazari, na juu yake toboa tundu la kuchungulia. Mistari ya CD imepishana kwa maikromita 1.6, ndiyo maana inaweza kuutawanya mwanga. Elekeza upenyo kwenye balbu ya waya na utaona rangi zote zimeungana bila pengo. Elekeza kwenye taa ya tyubu au enaji seva, na utaona mistari imejitenga, hasa wa kijani mkali: hiyo ni zebaki, nanomita 546. Nimeona wanafunzi wakinyamaza kabisa wanapouona mstari ule mara ya kwanza. Jua usilielekezee kisanduku hata kidogo, litakuumiza macho. Tazama anga iliyo mbali nalo.

Jambo la mwisho ninalolisisitiza ni tarakimu. Wengi huifanya 1.51 kuwa 1.5, wanapata 653 badala ya 656, wanasema si neno. Mwaka 1868, baada ya kupatwa kwa jua kulikoonekana India, wanaastronomia waliukuta kwenye mwanga wa jua mstari wa njano karibu na ule wa sodiamu. Ulikuwa kwenye nanomita 587.6. Sodiamu ina mistari miwili, 589.0 na 589.6. Aliyekadiria kwa haraka angesema ni chumvi tu. Norman Lockyer wa Uingereza alishikilia kwamba ni elementi mpya, ikaitwa heliamu kwa jina la Kigiriki la jua, na ilichukua hadi mwaka 1895 William Ramsay kuipata hapa duniani, ndani ya madini yenye urani, kwa kuutambua mstari uleule.