Maswali na majibu: Samaki na mboga kwa maji mamoja, je, inalipa?

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu akwaponiki, yaani kufuga samaki na kuotesha mboga bila udongo, maji yakizunguka kutoka tangi la samaki hadi kwenye mboga na kurudi. Karibu kila anayeuliza anauliza fedha, na anafanya vizuri.

Kati ya samaki na mboga, kinacholipa hasa ni kipi? (Msomaji, Kibaha)

Mboga. Perege anakula kila siku kwa miezi sita hadi minane ndipo afikie uzito wa kuuzika, ilhali saladi huvunwa wiki nne hadi sita baada ya kupandikizwa. Tena sokoni perege wako anawekwa meza moja na sato wa Ziwa Victoria, na mnunuzi anaangalia ukubwa na bei tu. Mimi samaki namhesabu kwanza kama chanzo cha mbolea: amonia anayotoa hugeuzwa na bakteria kuwa naitriti, kisha naitreti, na hiyo ndiyo inayolisha mboga.

Lakini si mboga yoyote. Mchicha unaostawi vizuri bondeni kwa jembe na ndoo utakushinda kwa bei hata ukiulima kwa ustadi gani. Panda kile ambacho hoteli na migahawa wanakitafuta kila wiki: saladi, rehani, mnanaa, giligilani. Na mnunuzi umpate kabla hujanunua bomba hata moja.

Naomba hesabu ya mradi mdogo wa nyumbani. (Msomaji, Bunju)

Tuchukue mita 20 za mraba za mboga za majani. Kiwango cha kawaida ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo utalisha kilo 1 kwa siku, kilo 30 kwa mwezi. Samaki wa kukila ni kama kilo 60 kwa jumla, kwenye lita 3,000 za maji. Perege huhitaji takriban kilo 1.5 za chakula bora ili aongeze kilo 1, kwa hiyo kila mwezi unapata ongezeko la kilo 20 za samaki. Juu ya hapo kuna miche 20 ya saladi kwa mita, yaani 400 kwa kila mzunguko, tuuhesabu kama mwezi mmoja.

Sasa tutie bei; hizi ni za mfano, wewe weka za soko lako. Chakula kikiwa Sh3,000 kwa kilo, ni Sh90,000. Samaki kilo 20 kwa Sh8,000 ni Sh160,000. Saladi 400 kwa Sh500 ni Sh200,000.

Umeme ndio watu wengi wanausahau. Pampu ya maji na ya hewa zikila wati 160 kwa pamoja, saa 24, ni uniti 115 kwa mwezi. Kama nyumba yako iko kwenye bei nafuu ya Sh100 kwa uniti, ile ya wanaotumia chini ya uniti 75, pampu peke yake itakutoa humo, na LUKU utainunua kwa Sh350 na ushee. Hapo ni kama Sh40,000, na matumizi ya nyumbani nayo yamepanda bei.

Kwenye Sh360,000, toa chakula na umeme, inabaki Sh230,000. Bado vifaranga, mbegu, madini ya chuma na potasiamu ambayo chakula cha samaki hakitoi ya kutosha, na saladi zitakazooza. Ukiajiri kijana wa kusimamia, faida imekwisha. Kwa ukubwa huu mradi unabebwa na mikono ya familia, au na mnunuzi anayelipa Sh1,000 kwa saladi. Kupanda huko kwa bei kunaongeza Sh200,000 bila kuongeza samaki hata mmoja.

Naweza kulisha pumba na dagaa ili nipunguze gharama? (Msomaji, Morogoro)

Kwenye bwawa la udongo, sawa. Kwenye mfumo huu unga unachafua maji, unaziba mabomba na kunyang'anya mizizi hewa. Nunua chakula kinachoelea chenye protini ya asilimia 30 hivi, na kisichoisha ndani ya nusu saa kiondoe.

Umeme ukikatika je? (Msomaji, Mbagala)

Tangi likiwa na perege wengi, saa moja au mbili bila hewa zinatosha kuwaua. Weka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na gharama yake iingie kwenye mtaji tangu mwanzo. Wa Mbagala, kwenu ningefikiria kambare: huvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo anavumilia zaidi. Saladi nayo kwa joto la Dar huwahi kutoa maua na kuwa chungu. Rehani inalipenda joto.

Nichukue mkopo? (Msomaji, Mwanza)

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwahoji wazalishaji 257 wa biashara hii, wengi wao wakiwa Marekani, na chini ya theluthi moja walikuwa wamepata faida katika miezi 12 iliyotangulia. Hao wana soko la mboga ghali na umeme wa uhakika. Kwa hiyo mkopo wa kurejesha kila mwezi, hapana: bakteria peke yao wanahitaji wiki tatu hadi sita kukaa sawa, na samaki wa kwanza utamuuza baada ya nusu mwaka. Kama wewe ni mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu na mna kikundi, ulizeni halmashauri kuhusu ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayokopeshwa vikundi bila riba. Hata hiyo, ombeni mkiwa mmeshauza mizunguko miwili ya mboga kwenye mfumo mdogo, na daftari la mauzo mkiwa nalo mkononi.

Wadudu wakivamia, nipige dawa gani? (Msomaji, Arusha)

Usipige dawa za dukani. Nyingi zinaua samaki hata kwa kiasi kidogo. Funika kwa neti, ng'oa mche ulioathirika, chunguza chini ya majani kila asubuhi.