Drafti ya nyota wa Oklahoma State: nani apewe A?

Katika drafti yenu, mchezo wa kuchagua kwa zamu wachezaji wa soka la Kimarekani waliopitia chuo kikuu cha Oklahoma State, umeuliza kama aliyemchukua mkimbiaji Barry Sanders apewe A, alama ya juu, moja kwa moja. Hapana, ndugu, chaguo la kwanza halina ujanja, yeyote angemchukua. Pima kuanzia raundi ya tatu. Wakimbiaji, yaani wanaokimbia na mpira, chuo hicho kinao tele, kina Thurman Thomas na Terry Miller, hivyo aliyemwahi Russell Okung wa safu ya mbele ya ushambuliaji, inayowafungulia njia wakimbiaji, kanufaika zaidi. Hesabu miaka ya chuo tu, NFL, ligi ya kulipwa, weka kando.

Angalizo moja: kabla ya 2002, NCAA, chama cha michezo ya vyuo, haikujumlisha mechi za bowl, zile maalumu za mwisho wa msimu, kwenye takwimu. Yadi 2,628 alizokimbia Sanders mwaka 1988 hazina 222 za Holiday Bowl, ilhali za mpokeaji Justin Blackmon, aliyecheza baada ya 2002, zimehesabiwa zote. Usiposawazisha, wa zamani wataonewa. Na kama mmewekeana dau, alama atoe asiyecheza.