Jibu: TV ya inchi 43, plagi za skrubu zinachomoka ukutani

Habari mkuu. Umesema ukuta ni wa tofali za kuchoma, na ukikaza skrubu za breketi (chuma kinachoshika TV ukutani), plagi za plastiki zinazoshika skrubu kwenye tundu zinazunguka tu na kutoka na unga mwekundu. Angalia kwanza tundu limeangukia wapi. Mimi yangu ilichomoka hivyohivyo. Kumbe nilitoboa kwenye kiungo, kati ya tofali na tofali, na hapo udongo ulikuwa unamomonyoka kwa kidole.

Sogeza breketi, toboa katikati ya tofali. Plagi ya milimita 10, biti ya drili ya 10, na plagi yote ipite plasta iingie kwenye tofali lenyewe. Kwenye drili zima ile ya kugonga, tofali laini linapasuka. Puliza vumbi lote. Usitoboe juu ya soketi, nyaya zinapita humo. Breketi ya mkono unaozunguka sijawahi kufunga, hiyo siwezi kuisemea.