Umeuliza vya kutosha, sasa nenda Kengeja

Msomaji wangu wa Wete ameniandikia barua ndefu. Ameoa mwaka wa nne huu. Mkewe ameshika mimba mara mbili, na zote mbili zimetoka kabla ya mwezi wa tatu. Daktari aliwaambia haoni tatizo. Yeye hakuridhika, akaanza kutafuta sababu mwenyewe, na mwezi uliopita mke akakusanya nguo zake akaenda kwao Kengeja. Mkwe naye kasema mwanawe harudi kwa sasa. "Shangazi, kwa nini ameniacha, na mimi nahangaika kwa ajili yetu sote?"

Pole, baba. Mimba mbili si jambo dogo, na mwanamme naye huumia ingawa watu hawaji kumpa mkono wa pole. Pole yangu inaishia hapo.

Umeandika, "tulikaa tukamuuliza". Wewe na nani? Mbele kidogo unasema mamako "alikuwepo tu". Basi mlikuwa wawili mnamhoji mmoja, tena aliyetoka kupoteza damu. Alikula nini, alibeba ndoo ngapi, alikwenda harusi ya nani, nani alimshika tumbo. Kisha ukampeleka kutazamiwa, na mganga akasema mkono umetoka upande wa kwao. Hili umeliandika mbiombio kama jambo la kupita, na mimi naona ndilo lililomtoa nyumbani kwako. Umemtuhumu mamake uchawi, halafu unashangaa mama huyo kukufungia mlango! Angekuwa mwanangu, na mimi ningefunga.

Na barua nzima nimetafuta kipimo chako wewe sikukiona.

Yanayojulikana yapo, nikwambie. Katika kila mimba 10 zinazojulikana, moja au mbili huharibika, na nyingi huwa ni za miezi mitatu ya mwanzo. Karibu nusu ya hizo za mapema ni kasoro ya kromosomu za kijusi, yaani nyuzi ndogo zinazobeba urithi wa wazazi: zilizotoka kwa baba na zilizotoka kwa mama hazikupangika sawa tangu mwanzo. Ndoo ya maji haimo, wala harusi haimo. Zikitoka mbili au tatu mfululizo, yapo ya kupimwa: sukari, tezi ya shingo, damu kuganda kupita kawaida, umbo la mfuko wa uzazi, na kromosomu za mke na za mume. Hayo yatafute kwa bidii, kwa sababu mengine yana dawa. Lakini hata wakishapimwa yote, karibu nusu ya wanaopoteza mimba mara kwa mara hawapati sababu, maana haionekani. Na wengi wao baadaye huzaa salama, bila ya kuijua sababu mpaka leo.

Hebu tuseme daktari amekwambia, "ni kromosomu". Ungenyamaza? Mimi nimekusoma, usingenyamaza. Ungeuliza kwa nini zipangike vibaya kwako na si kwa ndugu yako mwenye watoto watano. Kila jibu lingezaa swali jengine nyuma yake. Sisi wa visiwa hivi tunalijua hilo. Septemba 10, 2011, ilipozama meli ya Spice Islander ikija Pemba, sababu ilijulikana: ilipakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Sababu hiyo ilikuwa wajibu kuitafuta, wengine wasife. Lakini aliyepoteza mtoto mle hakuwa akiuliza habari za uzito. Aliuliza kwa nini mwanangu, kwa nini asichelewe bandarini siku ile. Swali hilo halina tume wala hakimu. Watu walimuachia Mwenyezi Mungu, wakalia, wakasomeana hitima. Wewe swali la namna hiyo hiyo umemshika nalo mkeo, unataka alijibu yeye.

Tena umeandika kwamba ukiijua sababu "utajua la kufanya". La kufanya lipi? Kuacha, au kuongeza wa pili? Mkeo kaisikia sentensi hiyo kabla yangu. Umesoma chuoni, kisa cha Nabii Musa na Khidhri unakijua. Musa aliombwa na Khidhri asiulize mpaka aelezwe, akashindwa. Swali la tatu lilipotoka, majibu yote alipewa, ya chombo, ya kijana na ya ukuta, lakini alipewa siku ya kuagana. Na huyo alikuwa Nabii.

Ndoa za siku hizi zinanitia uchungu kwa jambo hili. Mume kitandani na simu yake, mke na yake, kila mmoja anatafuta sababu. Mtoto kachelewa kusema, biashara imelala, mume kapunguza maneno: lazima pawe na sababu, na sababu lazima iwe mtu, na mtu huyo awe wa upande wa pili. Sisemi zamani ilikuwa pepo. Wapo walioachana kwa ramli hizo hizo. Ila wengi walizika watoto wawili, watatu, na usiku walikuwa na mtu wa kulia naye. Mkeo amelia na nani?

Sasa usimtume mtu, wala usipige simu. Chukua mzee mmoja wa kwenu mwenye heshima zake, mama abaki nyumbani, mwende Kengeja. Muombe radhi mkweo kwanza kwa lile neno la mganga, kisha mkeo. Usitie "lakini" hata moja. Asipotaka kurudi siku hiyo, muache, urudi tena wiki ya pili, na mkononi usiende mtupu. Mamako mwambie kwa adabu kwamba tumbo la mke wako si maneno ya barazani. Na mkishapatana, hospitali mwende wawili, na damu watoe yako kwanza.