Umepata skolashipu ya Khabarovsk? Soma hii kwanza

Mdogo wangu umeuliza kama Khabarovsk, lile jiji la mashariki ya mbali ya Urusi, panaishika na kama unaweza kuvuka kwenda China wikiendi. Panaishika, ila ramani isikudanganye. Mpaka uko kama kilomita 30 tu, tena kile kisiwa cha Bolshoy Ussuriysky kiligawanywa 2008 nusu ikaenda China, lakini ukivuka unahitaji viza ya China na ile ya Urusi iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo umejifungia nje na masomo yamekushinda hapohapo.

Baridi sasa. Januari wastani ni kama nyuzi 20 chini ya sifuri, mto Amur unaganda kabisa watu wanakaa juu ya barafu wanavua samaki. Usihangaike kununua makoti Kariakoo, beba sweta la kuanzia tu, viatu na koti nunua hukohuko. Ndani wanawasha hita mpaka unakaa na tisheti. Kiangazi ni joto na mbu, nao si wa mchezo.

Pesa ndo muhimu, Visa na Mastercard za huku hazifanyi kazi Urusi tangu 2022, kwa hiyo nenda na keshi ya kuanzia halafu fungua akaunti ya benki ya kule. Mama mwambie mapema kule mko mbele kwa saa 7, asikupigie saa tatu usiku wa Dar maana kwako ni saa kumi alfajiri.

Kirusi anza leo.