Sikio la kushoto likishindwa, usikimbilie kulaumu ubongo

Kama ndiyo kwanza unaanza kupima watoto wenye matatizo ya kusikia, utakutana mapema na jaribio hili: mtoto anavaa hedifoni, sikio la kulia linaletewa "saba" na la kushoto "tano" kwa wakati mmoja, kisha anataja alichosikia. Wengi hutaja zaidi neno la sikio la kulia. Mwanasaikolojia Doreen Kimura alilieleza jambo hili mwaka 1961. Kila sikio hupeleka habari pande zote mbili za ubongo, ila njia inayovuka kwenda upande wa pili ina nguvu zaidi, na kwa watu wengi lugha hutegemea upande wa kushoto. Neno la sikio la kushoto hufikia zaidi upande wa kulia, halafu livuke kopasi kalosamu, yaani nyuzi za neva zinazounganisha pande hizo mbili.

Hapo penye kuvuka pana mambo. Nyuzi hizo huendelea kukomaa hadi ujana, kwa hiyo mtoto wa miaka 6 akipoteza maneno mengi ya kushoto, mlinganishe na wa rika lake. Baadhi ya wenye tatizo la kuchakata sauti, yaani ubongo kupata shida kuelewa kilichosikika, huwa na pengo kubwa kati ya masikio kupita umri wao, hata odiometa, kifaa cha kupima usikivu, ikionyesha masikio mazima.

Lakini kabla hujaandika chochote, hakikisha hedifoni hazikuvaliwa kinyume. Chunguza nta, na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Kisha mwambie asikilize kushoto tu. Akipata maneno mengi zaidi, fikiria umakini kwanza. Mtoto aliyechoka hupimwa siku nyingine, hilo halina mjadala kwangu.

Kwenye jaribio la kuona, ambapo mtoto hukazia macho alama ya katikati huku picha ikionyeshwa kando yake, wanaoanza wengi hudhani jicho la kushoto ni la ubongo wa kulia. Sivyo. Kinachotokea kushoto mwa alama anayoikazia macho ndicho huenda upande wa kulia, kwa macho yote mawili. Picha ionyeshwe chini ya milisekunde 200, la sivyo macho yatakuwa yameshaifuata na jibu halina maana. Mtazame macho yeye, si skrini.

Wala usigawanye ubongo kwamba kushoto ni kusikia na kulia ni kuona. Lugha ya alama huonwa kwa macho, na bado hutegemea sana upande wa kushoto. Kwa mtoto kiziwi, uliza kwanza ameanza lugha gani, na akiwa na umri gani.