MUULIZE MWALIMU: Upanga wa Bayek ni wa zama zipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nacheza gemu ya Assassin's Creed Origins, ile ya Misri ya Kleopatra. Mhusika mkuu, Bayek, anaweza kubeba upanga uliopinda kama mundu, khopesh. Kaka yangu anabisha kwamba zama hizo askari hawakuwa nao tena. Nani mkweli? Na makali yake yako upande gani?

JIBU: Marahaba. Kaka yako kakushinda. Gemu inaanza mwaka 49 KK, wakati khopesh ilishatoka vitani kama miaka elfu moja nyuma. Majeshi ya akina Ptolemy, ukoo wa Kleopatra wenye asili ya Makedonia, yalipigana Kimakedonia, kwa mikuki mirefu na panga za chuma. Hata Wamisri wenyewe walifundishwa hivyo kwa ajili ya vita vya Raphia, mwaka 217 KK.

Makali yako nje. Wengi hudanganywa na umbo: mundu hukata kwa ndani, khopesh hukata kwa mgongo wa mpindo. Ukiutazama vizuri utaona sehemu iliyonyooka juu ya kipini haina makali; mpindo ndio ulionolewa. Uzito umesogezwa mbele, kwa hiyo pigo lake linashuka kama la shoka, na ule upande wa ndani ungeweza kunasa ukingo wa ngao na kuivuta. Ni shaba iliyochanganywa na bati, na shaba ya namna hiyo ukiirefusha sana inapinda, ndiyo maana panga hizi ni fupi. Katika kaburi la farao Tutankhamun, alilolifungua mwanaakiolojia Howard Carter mwaka 1922, zilikutwa mbili: moja ya sentimita 60 hivi, nyingine ya 40 hivi. Hiyo ndogo ingemfaa mtoto, na Tutankhamun alitawazwa akiwa na miaka kama 9 tu!

Ila watengenezaji nawatetea kidogo. Bayek ni Medjay, yaani askari mlinzi wa farao, na cheo hicho nacho kilishafutika karne nyingi kabla ya Kleopatra. Gemu yenyewe inamchora kama wa mwisho wa aina yake. Mtu aliyepitwa na wakati kumpa silaha iliyopitwa na wakati, mimi sioni kosa. Kosa ningeliona kama kila mlinzi wa Aleksandria angebeba khopesh.

Ukitaka kumnyamazisha kaka yako, chagua upanga ulionyooka. Mimi naendelea na uliopinda.